Nyumba Haina Ngozi

Mimi elimu yangu niliipata gizani, na hapo sijaweka fumbo lolote. Shule yetu ya jioni hapa Bariadi ilikuwa chumba kimoja cha kukodi, balbu moja, na mwalimu wa biashara aliyekuwa mwembamba kiasi kwamba umeme ukikatika tulimtafuta kwa kupapasa ukuta, kama swichi. Wanafunzi tulikuwa watu wazima: mama lishe, waendesha bodaboda, mimi fundi cherehani, na mzee mmoja aliyejiandikisha kwa sababu mkewe alimkataza kilabu cha pombe na shule ilipakana na kilabu. Nilifaulu kidato cha nne katika umri ambao wenzangu walikuwa wanasomesha watoto wao. Siku matokeo yalipotoka nilipiga vigelegele mpaka kuku wa mtaa mzima wakasita kutaga.

Baba yangu alipopelekewa habari kule Mwamapalala alisema neno moja tu: "Popo."

Yaani nimesoma shule ya popo, wale wanaoruka usiku na mchana wananing'inia kichwa chini. Akalirudia harusini, akalirudia msibani, tena kwa sauti ya kumfikia na marehemu. Likanikaa kama kupe sikioni. Mpaka leo nikienda nyumbani, kitoto ambacho hakijaota meno kinanionyesha kidole na kusema po-po.

Nayasimulia haya kwa sababu watu wananiuliza. Mtu akiuza pamba vizuri, au akipata kiinua mgongo, anataka kujenga vyumba vya kupangisha hapa mjini, halafu anakuja dukani kwangu kushona suruali na kuniuliza, "Dada, wewe ulisoma. Hivi wakili wa nini kwenye kununua kiwanja?" Nami nampa habari ya baba. Huwa nacheka nikisimulia. Mama yangu anasema nina roho ya fisi, nami sijawahi kumbishia mama.

Baba alikuwa tajiri, lakini ungemwona ungemwachia nauli. Zizini kwake palisimama ng'ombe wachache, wamekonda, mbavu zao ungeweza kuzitumia kama chanuo. Ng'ombe wenyewe hasa walikuwa kwa watu. Kwetu mfugaji mwenye akili hajazi mali yake zizi moja. Anawekesha. Anampelekea rafiki wa kijiji kingine majike kadhaa. Rafiki anakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama wanabaki kuwa wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile linapona. Mwizi hajui uliko utajiri wako. Wala mkwe mwenye shida hajui, wala ndugu wa michango, wala jicho baya. Karatasi hakuna. Ng'ombe akifa, aliyewekeshwa anakuletea ngozi. Unaitandika chini, unaangalia rangi, unaangalia chale ya sikioni, unasema, "Ndiye huyu," mnakula ugali, mambo yamekwisha. Ngozi ndiyo risiti.

Na rafiki mkubwa wa baba katika mambo hayo alikuwa mtu wa Dutwa. Nilimwita baba mdogo tangu nimeanza kutamka. Alikuwa mfupi, mwenye sauti iliyofika kabla ya basi alilopanda. Aliweka ng'ombe za baba tangu kabla sijazaliwa, wala hakuwahi kupoteza hata mkia. Masika moja alikuja kwa baiskeli kutoka Dutwa na ngozi mbichi nyuma, mvua imeilowesha, inzi wanamfuata kama bwana harusi. Mama alimpakulia ugali nje, upande unakokwenda upepo. Baba akaikagua ile ngozi akasema, "Ndiye." Kisha akaniambia mimi, mtoto: "Umeona? Mtu ni huyu. Wengine wote ni nguo."

Basi. Ukame ukapiga, ng'ombe wakaanza kulala na kutoinuka, na baba akasikia kwamba Bariadi tangu iwe makao ya mkoa wafanyakazi wanamiminika na vyumba hawapati. Akaamua kujenga vyumba sita. Ng'ombe aliokusudia kuwauza walikuwa wa mahari yangu. Mume mwenyewe aliyewatoa alikwenda machimboni Geita miaka mingi, akasema anachimba kidogo tu anarudi. Nadhani kwa sasa ametokea upande wa pili wa dunia. Sina kaka wa kuozeshwa kwa ng'ombe hao. Kwa hiyo baba alisema mbele ya mama, mkono juu ya fimbo: "Nyumba hii ni ng'ombe zako, Popo. Chumba cha mbele ni chako. Utaweka cherehani, hutamlipa mtu kodi mpaka unakufa."

Mimi niliyekuwa nashonea kwenye kibaraza cha mtu, nikifukuzwa kila mvua, nilikisikia kile chumba cha mbele kama unavyosikia harufu ya nyama kwa jirani. Nilikitaka. Ndiyo maana nilimsihi baba twende kwanza kwa wakili, mambo yaandikwe sawasawa.

Ofisi ya wakili ilikuwa nyuma ya duka la pembejeo, harufu ya dawa ya pamba mpaka ndani. Wakili alikuwa mwanamke kijana, miwani puani, uso wa mtu asiyekopesha. Akamsalimia baba vizuri, akatupa viti, akasema, "Mzee, ada ya ushauri inalipwa kwanza."

"Ada ya nini?"

"Ya ushauri."

Baba akanigeukia. "Anasema nilipe maneno?"

"Ndiyo, mzee," wakili akasema. "Mimi nauza maneno."

"Maneno ninayo nyumbani. Mke wangu anayatoa bure, hata nisipoyataka."

Mtu huyo, nawaambia, alishawahi kumpa mganga mmoja mbuzi mzima ili ajue nani aliyemwangalia vibaya mnadani. Lakini kwa wakili mkono ulikwama mfukoni kama umeshikwa na mtego. Akauliza tu, kama anapita njia: "Nikinunua kiwanja, kikaandikwa jina la rafiki yangu, ubaya uko wapi?"

"Hakuna ubaya. Kiwanja kitakuwa cha rafiki yako."

"Yaya, hapana. Kitakuwa changu. Kwake nimekiwekesha."

Wakili akavua miwani. "Mzee, ardhi haiwekeshwi. Mwenye jina ndiye mwenye mali. Kama una sababu zako za kujificha, tuandike mkataba wa siri kati yenu wawili, yeye akiri kwamba ameshika tu kwa niaba yako, mashahidi wawili wasaini, nakala moja ibaki kwangu. Ukurasa mmoja tu."

"Nimsainishe rafiki yangu?" Baba alicheka mpaka akatoa leso. "Binti, mtu ameniletea ngozi kwenye mvua, leo nimpelekee karatasi aweke kidole kwamba hataniibia? Si bora nimtemee mate."

Akainuka. Mlangoni yule wakili akasema, bila kupandisha sauti, tena bure: "Ng'ombe akiibiwa anapelekwa mbali, unaumia mara moja. Nyumba hawaipeleki popote. Itakuwa pale pale, kila siku unaiona, na si yako."

Njia nzima baba alimcheka. "Meno mazuri, lakini hajaolewa. Mwanamke asiyeolewa hamwamini mtu." Nilimwambia alikuwa na pete. "Atakuwa amejinunulia," akasema. Na jioni, mbele ya wageni: "Popo ameniongoza kwa popo mwenzake!" Wakacheka. Mama naye alicheka, ingawa yeye alimtaka wakili kuliko nilivyomtaka mimi.

Siku ya kununua kiwanja baba alifanya mchezo ambao ungefaa kuonyeshwa kwa kiingilio. Alimvalisha rafiki yake koti lake jeusi, lile la kanisani, na kofia yake. Pesa akazitia mfuko wa ndani wa koti hilo. Yeye mwenyewe akavaa shati la kupalilia pamba, lenye matundu ya kutosha kuchujia togwa, akatembea nyuma ya rafiki yake amembebea mkoba. Wakaingia hivyo kwa mwenyekiti wa mtaa. Rafiki akatoa pesa, akaandikwa mnunuzi. Walipotakiwa mashahidi wa mnunuzi, baba akajitokeza, akachovya kidole kwenye wino, akagandamiza: shahidi. Mwenyekiti alimwonea huruma akamnunulia soda.

Baba alirudi Mwamapalala anacheka mpaka anashika mbavu. "Soda! Amenipa soda! Kasema, mzee kunywa, naona umetembea mbali."

Rafiki alipotaka kuvua koti, baba akamwambia, "Kaa nalo. Mwenye nyumba havai shati tupu."

Wakati wa ujenzi baba aliendelea vile vile. Pesa za mafundi zilipita mkono wa rafiki. Saruji ilinunuliwa na rafiki, mabati yalishushwa na rafiki. Baba alikuja mara chache, akasimama barabarani kama mpita njia, fimbo begani. Mara moja nilikuwepo. Akamuuliza fundi aliyekuwa juu ya kenchi, "Nyumba nzuri hii! Ya nani?"

"Ya mzee mmoja wa Dutwa."

"Huyo mzee ana pesa!"

"Anazo. Sogea, babu, ubao usikuue."

Baba akanitazama, macho yanang'aa kama mtoto aliyeficha kande. Hakuna mtu Bariadi aliyejua. Hakuna ndugu Mwamapalala aliyejua. Nilimwambia, "Baba, umeficha vizuri mno." Alidhani namsifu.

Vyumba vikaisha, vikajaa hata rangi haijakauka: muuguzi, walimu wawili wa chumba kimoja, kijana wa kampuni ya simu, mama wa maandazi. Mimi nikaingia chumba cha mbele na cherehani yangu. Usiku wa kwanza sikulala. Nilikuwa nagonga ukuta kwa kidole kusikia kama ni wa kweli. Rafiki wa baba akachukua chumba cha mwisho, hayo yakiwa ndiyo maziwa yake ya kuwekeshwa. Kodi alikusanya yeye, akampelekea baba mnadani Dutwa ikiwa imefungwa kwenye leso, na baba akaipokea bila kufungua, kama unavyopokea ngozi ya mtu unayemwamini. Haikuwahi kupungua. Kwa muda mrefu haikuwahi kupungua, nisimsingizie.

Kilichomharibu mtu yule ni salamu. Wapangaji walimwita rafiki "baba mwenye nyumba". Mwanzoni akiitwa hivyo mbele yangu alinikonyeza. Muuguzi alimpigia goti, "Shikamoo baba mwenye nyumba," naye akanikonyeza kwa jicho la upande wangu, tukacheka baadaye mpaka sindano ikanichoma. Halafu akaanza kukonyeza kidogo. Halafu akaacha.

Akanunua kiti cha plastiki, akakiweka mlangoni. Akapata kikohozi. Hakuwa mgonjwa, kilikuwa kikohozi cha mwenye nyumba, kile cha kuwafanya watu wazime redio kabla hajafika. Mtaa ukamwita kwenye vikao, akakaa mbele na wenye mali. Akaanza kusema "nyumba zangu", kwa wingi, na nyumba ni moja. Koti jeusi la baba lilimkaa sasa kama alizaliwa nalo. Mtu aliyeishi maisha yote akinywa maziwa ya ng'ombe wa wengine, leo walimu wa shule wanamwinamia! Nilimwambia baba. Akasema, "Anaigiza. Nilimwambia aigize."

Kisha siku moja ya mnada leso haikuja.

Baba alikuja Bariadi kesho yake. Nilikuwa napinda sketi ya sare. Rafiki alikuwa kitini, wapangaji wawili wanafua pembeni.

"Mwangaluka," baba akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ngosha. Karibu. Unatafuta chumba?"

Baba akacheka kidogo, akatazama wale wanaofua, akamkonyeza rafiki yake. Alidhani ni mchezo ule ule, na akaupenda. "Eeh, natafuta," akasema. "Chumba cha mtu maskini."

"Vimejaa. Na sipangishi wazee, wanakojoa kitandani."

Wale waliofua wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, tena akapiga paja. Alingoja wamalize kufua. Alingoja wameanika, wameingia ndani. Ndipo akasogea, akainama, akanong'ona, "Haya, wameondoka. Tuongee."

"Tuongee nini?" akasema yule, kwa sauti yake ile ya kufika Dutwa.

Baba akakonyeza tena. Nilimwona vizuri kutoka kwenye cherehani. Alikonyeza, akangoja, akakonyeza. Kope za mzee zilikuwa zinakwenda zenyewe kama bawa la kuku aliyechinjwa. Yule mwingine akatazama barabarani.

"Ngosha," akasema mwishoni, "nenda nyumbani. Jua kali."

Baba akaenda kwa wakili. Safari hii alilipa kabla hajakaa. Wakili akamuuliza nani alimwona akitoa pesa. Hakuna. Nani alisikia wakikubaliana? Mama na mimi, wenye kufaidika. Mafundi walipokea kwa mkono wa nani? "Wa rafiki." Nani alikuwa mnunuzi? "Rafiki." Nani shahidi wa mnunuzi? Baba akautazama ule mkono wake wa kulia kama amekuta mkono wa mtu mwingine kwenye koti lake, ila koti nalo hakuwa nalo.

"Mzee," wakili akasema, "kesi nitaifungua. Lakini ulivyojificha, hata mimi nikikutafuta sikuoni."

Sasa hapa ndipo pananichekesha na kunikata maini kwa pamoja. Rafiki aliposikia habari ya kesi, hakukimbia, hakuhonga mtu, hakwenda kwa mganga. Alirudisha ng'ombe.

Alikuja nao Mwamapalala mchana kweupe, siku ya gulio, akapita nao katikati ya watu. Mimi nilikuwa nimekwenda kumjulia mama hali. Tuliona vumbi kwanza, tukadhani ni mvua inakuja, na mvua ilikuwa haijaonekana tangu Nuhu. Ng'ombe walikuja mpaka nikakosa pa kutazama. Walijaza uwanja, wakajaza njia, wakala na ua wa jirani. Wamenenepa, wanang'aa. Nyuma, pikipiki mbili zimebeba ngozi zilizokauka. Na mbele yao yeye, ndani ya koti jeusi la baba, akipaza sauti:

"Wazee njooni! Majirani njooni! Nimekuja kurudisha mali ya watu!"

Wakaja, na nani asingekuja? Akaanza kumwonyesha baba ng'ombe mmoja mmoja. Huyu ni jike ulilonipa, huyu binti yake, huyu mjukuu, huyu dume alizaliwa mwaka wa njaa. Akatandika ngozi chini. Huyu alikufa kwa nyoka. Huyu alikwama matopeni. Mwisho akatoa kigozi kidogo cha ndama, chepesi kama kanga iliyofuliwa sana, akakishika juu watu wote wakione.

"Huyu alikufa siku aliyozaliwa. Mwenyewe sikumwambia, mke wake alikuwa mgonjwa, nikaona nisimwongezee huzuni. Lakini ngozi nikaitunza. Mimi si mwizi."

Watu walipiga makofi. Nawaambia walipiga makofi! Mzee mmoja wa kijiji alifuta machozi. "Mtu wa namna hii," akasema, "ndiye wanasema kaiba nyumba?"

Wote wakamgeukia baba. Na baba, mfugaji, alifanya nini? Alipiga goti moja, akashika kile kigozi, akageuza, akatafuta rangi, akakinusa. Uongo hakuuweza, kwenye ngozi hakuwahi kusema uongo.

"Ndiye," akasema.

Basi kesi iliishia pale, mengine yalikuwa ni kwenda kuchukua mhuri. Halafu shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa ameungana na umati, akasema taratibu, "Kaka. Mwanangu alipolazwa uliniambia huna hata mbuzi." Akatazama ng'ombe wale, akatazama ndugu wengine, nao wakaanza kukumbuka, kila mmoja na lake. Jioni ile walianza kuja na shida zao, na hawajaacha.

Baraza la ardhi lilikaa chumba chenye feni isiyozunguka. Mwenyekiti wa mtaa alisema alichokiona, na alisema kweli. Fundi alisema kweli. Hapakuwa na mwongo hata mmoja mle ndani isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mpole kuliko wote. Wakamwonyesha baba karatasi.

"Mzee, hiki ni kidole chako?"

"Ndicho."

"Ulishuhudia nini?"

"Nilishuhudia..." Akatafuta neno. Hakuna mtu wa kumpa. "Nilishuhudia ananunua."

Watu walicheka, mpaka karani. Hapo rafiki yake akasimama, akaomba ruhusa aseme kidogo. Akasema kwa huruma, mkono kifuani, juu ya koti: "Waheshimiwa, huyu ni rafiki yangu wa tangu ujana. Uzee umemwingia. Naomba msimcheke."

Nikamtazama wakili wetu. Alikuwa anakusanya makaratasi yake, hakuinua uso. Ningekuwa na jiwe... lakini sikuwa na jiwe, nilikuwa na mkoba wa vifungo.

Baraza likampa rafiki nyumba, na wiki haikuisha akaja kwenye mlango wangu, akakohoa kile kikohozi. "Binti yangu," akasema, "mimi siwezi kukufukuza, nimekuona unazaliwa. Lakini kuanzia mwezi ujao utalipa kama wenzako. Miezi sita mbele."

Ningeweza kuhama kwa hasira. Shangazi alitaka nihame, mama alitaka nihame na kutema mate kizingitini. Lakini chumba kiko hatua mbili kutoka barabara ya stendi, wateja wamekizoea, na nguo za watu zilikuwa zimejaa mpaka darini. Hasira haijawahi kunishonea hata pindo. Nikaenda kwa wakili peke yangu, nikalipa ada yake bila kuombwa, akaniandikia mkataba wa upangaji: nikae muda gani, notisi ya muda gani, kodi isipandishwe ovyo, bati likivuja ni la nani, nikitengeneza kitu nirudishiwe vipi. Akaniuliza maswali mpaka nikahisi yeye ndiye atakayelala mle.

"Mlipokuja na mzee," akasema akigonga mhuri, "ningewaandikia ukurasa mmoja."

"Najua."

"Huu wako kurasa nne."

Nikampelekea mwenye nyumba. Aliusoma kwa kidole, mdomo unatembea. Akaudhika kweli kweli, jamani, uso ukambadilika.

"Yaani huniamini?"

"Nakuamini sana, baba mdogo. Kama baba alivyokuamini. Saini hapa, na hapa, na ukurasa wa nyuma."

Alisaini. Tangu siku hiyo ananiita mpangaji, nami namwita baba mwenye nyumba, kwa goti kabisa, goti refu kuliko la muuguzi. Nikilipiga anageukia barabarani.

Baba huja siku akiwa na shida mjini. Nilimwambia asije, nikamtafutia pa kufikia kwingine. Huja tu. Anasimama nje, anaugusa ukuta kwa kiganja, chini ya dirisha, kama mtu anavyomgusa ng'ombe shingoni kumtuliza. Mwezi uliopita alikuta wamepaka rangi mpya.

"Usiguse, ngosha," sauti ikatoka kwenye kiti. "Haijakauka."

Akatoa mkono. Kidole gumba kilikuwa kimeshaingia rangi, ya bluu. Akajaribu kujifuta kwenye shati, haikutoka. Akaingia kwangu akaketi kwenye kigoda mlangoni, akanitazama nikishona kola mbili.

"Kodi umelipa?"

"Nimelipa."

"Una kitu cha kuonyesha?"

Nikamtolea mkataba. Hajui kusoma, na aliushika kichwa chini. Akaufungua juu ya magoti, akaupapasa kurasa zote nne, upande huu na upande ule, akatazama pembeni mwa kila ukurasa palipo na saini, akainama akaunusa. Nilisubiri aseme lile neno la ngozi: ndiye. Hakulisema. Akanirudishia.

"Popo," akasema, polepole.

Mteja alikuwa amefika na kitambaa chake cha kitenge, amesimama juani hana pa kupita.

"Baba," nikamwambia, "sogea kidogo. Unaziba mlango."

Akasogea.